Safari mbili za gauni moja: oda za simu, Kariakoo na duka la Mangi

Kila gauni linalouzwa Instagram Dar es Salaam husafiri mara mbili. Kwanza linatoka kwenye fremu (chumba cha duka cha kupanga) ya Kariakoo kwenda kwa aliyelipiga picha na kulitangaza. Kisha linatoka kwake kwenda kwa mteja aliyeko Goba, Chanika au Chamazi. Nusu kilo ya sukari ya duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani, ikishapangwa kwenye rafu, haina safari tena: mteja anakuja na kandambili zake, anatoa noti, anaondoka. Anayetaka kujua biashara ipi inahamia kwenye simu na ipi inabaki mtaani aachane kwanza na habari za teknolojia, aulize nauli ni shilingi ngapi na inalipwa na nani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme bodaboda kutoka Kariakoo hadi Mbezi ni shilingi 7,000. Gauni la 35,000 linaibeba nauli hiyo. Mteja akilipa 42,000 bado anaona heri kuliko kupoteza nusu siku, kupanda mwendokasi kwenda na kurudi, na kubanwa Mtaa wa Congo kwenye jua la saa saba. Chaja ya simu ya 10,000 haiibebi, maana nauli ni asilimia 70 ya bei. Mche wa sabuni ndiyo usiseme. Kipimo ninachokiamini ni hiki: nauli ikivuka robo ya bei, mteja ataandika "sawa nitakujulisha", na hatakujulisha. Hapo muuzaji auze vitu viwili vitatu kwa safari moja, au akusanye mizigo mingi ya njia moja itoke pamoja, au bidhaa hiyo aliachie duka la mtaani. "Deliveri bure" haimo kwenye orodha hiyo. Ni nauli iliyofichwa ndani ya bei, na mteja wa Ilala, anayeweza kwenda Kariakoo kwa miguu, ndiye anayemlipia mwenzake wa Bunju.

Mji umetanuka, mzigo haujahama

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja na ushee walioongezeka hawakwenda kuishi Magomeni wala Kinondoni kwa wingi. Wamejenga na kupanga kule ambako kiwanja kilipatikana: Kibamba, Bunju, Chanika, Kongowe, Kigamboni ya ndani. Bidhaa zimebaki palepale. Jengo la soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli na likafunguliwa 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lakini nguo, simu na vyombo havikuwa vinategemea jengo hilo. Viko kwenye maghorofa ya fremu yaliyolizunguka. Nguo utazikuta Mtaa wa Congo na vichochoro vyake, simu Aggrey, vifaa vya ujenzi Gerezani. Umbali kati ya makazi mapya na fremu hizo ndio uliozaa biashara ya oda. Anayeishi Ilala Boma hana haja nayo sana.

Makampuni makubwa yalijaribu kuuziba umbali huo kwa njia zao. Uchumi, supamaketi ya Kenya, ilifunga Tanzania mwaka 2015. Jumia iliacha kuuza mtandaoni nchini Novemba 2019. Kilichobaki hakina makao makuu: ukurasa wa Instagram, gumzo la WhatsApp, bodaboda na lipa namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu). Kina kasoro zake, na nitazisema, lakini kinaishi kwa sababu hakina ghala la kulipia kodi wala stoo ya kujaza. Ghala lake ni Kariakoo nzima.

Hili lilionekana wazi Mei 2023 na tena Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa mgogoro wa kodi. Anayeuza kwa picha za fremu za watu hana mzigo siku kama hizo, hata awe na wafuasi laki mbili. Ukurasa unaendelea kupendeza, oda zinaingia, hakuna cha kupeleka.

Sasa kuna kituo kipya cha biashara Ubungo, palipokuwa stendi kuu ya mabasi, chenye maduka zaidi ya 2,000. Kwa mtu wa oda, swali ni moja tu kuhusu kituo hicho: mzigo ukianzia Ubungo, safari za Kimara na Mbezi zinafupika kwa kilomita nane hivi kila moja, na ya Mwenge nayo inafupika. Faida ya Kariakoo ni kwamba ukikosa rangi duka hili unaipata la tatu. Ubungo ikifika hapo, nauli zitaanza kuhama zenyewe.

Winga

Wengi wa wanaouza kwa simu ni mawinga, na neno hilo si tusi. Winga hana fremu wala mzigo. Ana simu yenye picha, ana miguu, na ana maduka matano sita yanayomwamini kumkabidhi bidhaa ambayo jioni ataileta hela yake au ataileta yenyewe. Duka linampa gauni kwa 22,000, yeye anaandika 30,000. Ile 8,000 ndiyo mshahara wa kutembea, kupiga picha na kujibu watu usiku. Mwenye fremu anamhitaji, kwa sababu ametoa kilemba kikubwa (pesa ya kuachiwa nafasi, mbali na kodi) kuipata fremu yake, analipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mteja wa Bunju hatamfikia mlangoni.

Shida ya winga inaanzia kwenye picha. Gauni ulilolipenda lilipigwa picha Jumanne. Ijumaa duka limeuza saizi zote isipokuwa S, au mzigo mpya umeshuka na bei imebadilika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "bei gani" bali "mzigo uko mkononi?" Akisema uko, aombwe video fupi ya bidhaa hiyo ikiwa pembeni ya karatasi iliyoandikwa jina la mteja. Mwenye mzigo anaituma ndani ya dakika tano. Winga atachukua nusu saa, kwa kuwa anatembea kwenda dukani. Si tapeli, ni mtu asiye na stoo, na kwake usilipe mpaka umeiona hiyo video. Anayekasirika kwa kuombwa video, achana naye.

Na hili la "bei inboksi", yaani kutoiandika bei kwenye picha: sababu yake kubwa ni kwamba bei hutegemea duka atakalolichukulia siku hiyo, na kidogo pia hutegemea mteja anavyojieleza. Ukiuliza, taja eneo lako kwenye ujumbe huohuo wa kwanza ("Naomba bei ya hilo la kijani saizi L, nipo Tabata Kinyerezi"). Utajibiwa bei na nauli pamoja, na utakuwa umeokoa jumbe nane.

Siku ya mzigo

Wanaofanya kazi hii vizuri wana ratiba inayofanana. Saa nne asubuhi orodha ya siku inafungwa. Oda ya saa nne na robo ni ya kesho. Kwenye daftari au kwenye simu kila mstari una jina, namba mbili za simu (moja ya mteja, moja ya mtu mwingine wa nyumbani au kazini), eneo, alama ya kufikia, bei, nauli, na neno moja: AMELIPA au ATALIPA. Namba ya pili inadharauliwa sana na ndiyo inayookoa mizigo mingi, maana simu ya mteja kuzima chaji mchana ni jambo la kila siku.

Saa tano ni kukusanya na kukagua. Kwenye nguo kagua zipu kwa kuifungua na kuifunga mara tatu, hesabu vifungo, angalia mshono wa kwapani na upindo wa chini, kisha tafuta doa penye mwanga wa nje, maana taa za fremu zinaficha. Kwenye vyombo vya umeme, chomeka. Blenda iliyojaribiwa Kariakoo kwa sekunde kumi ni safari moja ya Kigamboni iliyookolewa. Ufungashaji uende na sheria: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo ni bahasha za kaki au mifuko mbadala. Mfuko mbadala unapitisha maji. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mzigo uingie kwenye boksi la nyuma la pikipiki lenye mfuniko, sio kufungwa kwa mpira juu ya keria.

Saa sita pikipiki inatoka. Hapa ndipo faida inapopatikana au kupotea, kwa kuwa barabara za Dar zimekaa kama vidole vya mkono. Kuna Barabara ya Bagamoyo (Mwenge, Tegeta, Bunju), ya Morogoro (Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibamba), ya Nyerere (Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto, Pugu), ya Kilwa (Mbagala, Kongowe), na Kigamboni yenyewe, ambayo unavuka kwa pantoni au kwa daraja. Kutoka kidole hadi kidole ni kazi. Njia za kuunganisha zipo, Mandela, Sam Nujoma, ya Goba, ya Malamba Mawili kwenda Kinyerezi, ila Mandela ina malori ya bandarini. Kanuni ni dereva mmoja, kidole kimoja. Anayempa dereva mmoja mzigo wa Tegeta, wa Mbagala na wa Pugu siku moja hajui anachofanya, na dereva naye atakubali tu kwa sababu analipwa kwa mzigo.

Mizigo 12 ya njia moja ni siku nzuri. Kila kituo kikichukua dakika 10, hayo ni masaa mawili. Ongeza masaa mawili ya kuendesha, saa kumi jioni dereva amemaliza na foleni ya kutoka mjini bado haijakolea. Sasa kila kituo kikichukua dakika 20 kwa sababu ya kuelekezana, yanakuwa masaa manne ya kusimama na mawili ya kuendesha. Mizigo ya mwisho inafika saa kumi na mbili, giza linaingia, na mteja hataki kutoka nje kumpokea mtu asiyemjua. Dakika kumi hizo huliwa na mazungumzo ya aina hii:

"Dada, nimefika, nipo hapa kanisani."

"Kanisa lipi kaka, la Wasabato?"

"La bati la bluu."

"Hilo umelipita. Rudi mpaka kwa muuza chipsi, ukunje kushoto."

"Muuza chipsi saa hizi hajafungua, dada. Hakuna kitu hapa."

Muuza chipsi huweka meza yake jioni. Mteja anaiona kila anaporudi kazini, kwa hiyo kwake ni alama; kwa dereva wa saa nane mchana pale ni uwanja mtupu. Alama nzuri ni kitu kisichohama na kisichofungwa: transfoma, shule, kisima, mnara wa simu. "Mwisho wa lami" si alama, lami inaongezwa. Anwani za makazi zilizowekwa nchi nzima mwaka 2022 zimesaidia zaidi kuliko watu wanavyokiri. Kibao cha jina la mtaa kipo, namba ya nyumba ipo mlangoni, lakini wengi hawaijui namba ya nyumba yao wenyewe. Mwambie mteja atoke nje aisome mara moja na aihifadhi kwenye simu. Dereva hataifuata hiyo kutoka Kariakoo, ila akishafika mtaani ndiyo itakayomaliza ubishi. Kuhusu kutuma pini ya WhatsApp, makosa ni mawili. Mteja anaituma akiwa ofisini Posta huku mzigo unakwenda nyumbani Salasala. Au anaituma haraka kabla simu haijatulia, ikaonyesha nyumba ya mtaa wa pili. Atume akiwa mlangoni, asubiri simu iandike usahihi wa mita 20 au pungufu.

Mvua kubwa ikinyesha, tazama Jangwani kwanza kabla ya kuahidi chochote upande wa Barabara ya Morogoro. Bonde likijaa maji barabara inafungwa, magari yote yanamiminika kwenye njia zilizobaki, na dereva aliyeondoka Kariakoo saa sita anaweza kuwa Magomeni saa nane.

Mzigo unaorudi

Hasara ya biashara hii haitokani na wizi kwa kiasi watu wanachodhani. Inatokana na mzigo uliokwenda na kurudi. Chukua oda kumi za gauni lenye faida ya 10,000 na nauli ya 6,000 ambayo mteja hulipa akipokea. Zote zikipokelewa faida ni 100,000. Mbili zikikataliwa, zinabaki 80,000, na dereva anadai nauli ya kwenda na kurudi kwa kila moja, yaani 24,000. Umebaki na 56,000. Oda mbili kati ya kumi zimekula karibu nusu ya faida. Ndiyo maana wauzaji wazoefu wanadai nauli itangulie: bei ya gauni lipa ukipokea, ila nauli tuma kwanza. Mteja aliyetoa 6,000 yake hazimi simu.

Sababu kubwa ya kukataa ni saizi. Nguo nyingi za Kariakoo zinatoka China, na L ya kule mara nyingi inakaa kama M ya hapa, wakati mwingine kama S. Acha herufi, tumia futi kamba. Laza gauni mezani bila kulivuta, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili: ndiyo kifua. Fanya hivyo kiunoni na kwenye hipsi, andika sentimita kwenye picha. Mteja naye ajipime juu ya nguo nyepesi. Kitambaa kisichovutika kinahitaji sentimita 4 hadi 6 za ziada juu ya mwili. Kinachovutika kinaweza kuwa sawa na mwili au chini yake kidogo. Viatu vipimwe urefu wa soli ya ndani. Mteja asimame juu ya karatasi, apige alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu (ambacho si lazima kiwe gumba), apime. Mguu wa sentimita 25 kwa kawaida ni namba 40.

Kwenye simu za mkononi mambo ni tofauti. Mpokeaji apige *#06# mbele ya dereva, aone kama namba ya IMEI inalingana na ya kwenye boksi, aitume kwenda 15090 ili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imjibu simu hiyo ni aina gani. Jibu likitaja aina nyingine, simu irudi palepale. Tangu Juni 2016 simu bandia hufungiwa mtandao, hivyo hii si tahadhari ya kupita kiasi.

Pesa

Malipo yaende kwenye lipa namba ya biashara, yasipite mkononi mwa dereva. Namba ikiingizwa, simu huonyesha jina kabla ya neno la siri. Jina lisipofanana na la duka, mteja asimame hapo. "Tuma kwenye namba hii ya mdogo wangu, hiyo nyingine ina shida" ni sentensi iliyokula hela za watu wengi.

Upande wa muuzaji, meseji si pesa. Meseji ya malipo inaweza kuandikwa na yeyote na kutumwa kwa dereva, ikiwa na jina la mtandao juu. Utaratibu salama ni huu: mteja analipa, dereva anampigia mwenye duka, mwenye duka anaangalia salio (salio, sio meseji), ndipo anasema "mpe". Dereva asiukabidhi mfuko kabla ya neno hilo hata kama mteja anamwonyesha kioo cha simu. Pesa iliyotumwa kwa mtu binafsi inaweza pia kuombewa kurudishwa kwa madai kuwa namba ilikosewa, na hii ni sababu nyingine ya kuwa na lipa namba. Meseji za utapeli zitumwe 15040.

Mteja akitapeliwa, sheria haimwachi mtupu: ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Ila malalamiko yanataka jina na mahali. Ukurasa usio na mtaa, usiotoa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), unaofutwa leo na kufunguliwa kesho kwa jina jingine, utamshtaki nani? Kwa kitu cha laki tano kwenda juu, friji, televisheni, kompyuta mpakato, ninashauri tafuta duka lenye mlango, hata ukianza kulijua kwa simu.

Nani anaumia

Si Mangi. Hili watu wanalikosea kila siku. Mangi anauza mafuta ya kupima, unga nusu, sukari robo, sigara moja moja, vocha, LUKU, na anafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku. Ukipiga hesabu kwa lita, mafuta yake ya kupima ni ghali kuliko dumu la lita 5. Lakini mwenye shilingi 1,000 hanunui dumu, ananunua mafuta ya leo. Hakuna pikipiki itakayotoka Kariakoo kumpelekea. Na Mangi ana daftari. "Mangi niandikie, mwisho wa mwezi" ni huduma ambayo hakuna ukurasa unaoweza kuitoa, maana inategemea kujua mtu analala wapi na mshahara wake unaingia lini. Daftari hilohilo ndilo linalomuua akizembea. Duka dogo ambalo madeni yake yamepita mtaji wa wiki moja linaanza kukosa bidhaa, na mteja akikosa mara mbili anahamia duka la pili, pamoja na deni lake.

Simu imemwongezea Mangi kazi badala ya kumpunguzia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 au 15, dumu la maji, kreti ya soda: mteja anapiga, Mangi anamtuma kijana na bodaboda ya kijiweni, nauli ni ya mita mia tano. Hiyo nayo ni deliveri, ila ya safari moja fupi.

Anayeumia ni wa katikati, duka la nguo la Sinza au Mwananyamala linalonunua Kariakoo jumla, linalipa kodi ya fremu barabarani, linauza kwa nyongeza ya asilimia 50. Mteja wake sasa anaiona nguo ileile kwa bei ya winga. Yanayopona yamebadilisha kazi: fremu imekuwa chumba cha kujaribia na cha kupigia picha, taa ya duara kwenye kona, kioo kirefu, na mteja wa mkoani anahudumiwa kwa basi. Mzigo wa Mwanza unapelekwa kwa wakala wa basi au Stendi ya Magufuli pale Mbezi, unaandikwa jina na namba ya mpokeaji pande mbili za boksi kwa kalamu isiyofutika, risiti inapigwa picha na kutumwa pamoja na namba ya gari. Mteja akiwa na jina la risiti na kitambulisho chake anaupata.

Wengine wanaruka Kariakoo kabisa na kuagiza China kwa wakala wa mizigo. Kabla ya kushangilia bei ya kule, pima boksi. La sentimita 60 kwa 50 kwa 40, kwa meli ni mita za ujazo 0.12. Kwa ndege, ujazo wa sentimita za ujazo 120,000 ukigawanywa kwa 6,000 unakuwa kilo 20, nawe utalipia kilo 20 hata kama ndani kuna mito yenye kilo 5. Vitu vyepesi vyenye tumbo kubwa ni vya meli. Amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo jumla na rejareja, imewafanya waagizaji wadogo wengine waone nafasi hapo, lakini nafasi bila hesabu ya ujazo ni hasara ya haraka.

Mchanganyiko ninaouona una akili kuliko yote ni wa kumfanya Mangi kituo cha kupokelea. Dereva anashusha mizigo sita ya mtaa mmoja kwenye duka moja, dakika 15 badala ya saa nzima, na wateja wanaifuata jioni wakitoka kazini. Mangi anapata 500 au 1,000 kwa mzigo, na aliyefuata gauni mara nyingi anaondoka na mkate. Anahitaji rafu moja nyuma ya kaunta, mbali na mafuta ya taa, kwa kuwa nguo hunasa harufu. Anahitaji daftari la pili, tofauti na la mkopo, lenye jina, namba, muda ulioingia, saini ya aliyechukua. Hapokei pesa ya mzigo. Hiyo imeshalipwa kwenye lipa namba kabla dereva hajaondoka. Wakubaliane mapema kwamba mfuko uliofungwa na kusainiwa ni juu ya muuzaji ukiwa na kasoro ndani, na ni juu ya Mangi ukipotea. Ukilala siku tatu, dereva anaubeba anapopita tena na njia yake.